Msimamizi Wangu na Nafasi Moja ya Historia

Msimamizi wangu alisoma kazi zetu akiwa amesimama dirishani, kama mtu anayekagua mbuzi siku ya soko. Alianzia mwisho, kwenye marejeo, akarudi kwenye jalada kutazama jina lako, halafu akafungua katikati, popote kidole kilipoangukia. Akishatia alama tatu au nne kwa kalamu nyekundu, alikurudishia makaratasi na kusema, "Hii bado. Rudi nayo ikiwa imeiva." Ukimwuliza ni wapi haijaiva, alikutazama kwa huruma. "Mpishi ndiye anajua," alisema, na kufungua mlango ili wa pili aingie.

Niliishi chini ya kalamu hiyo miaka mingi kuliko niliyokaa shule ya msingi. Nilitaka jambo moja tu: kumaliza shahada ya uzamivu na kupata kazi ya kudumu ya kufundisha historia chuo kikuu, iwe Meru, iwe Embu, nisiwe tena mwalimu wa kibarua anayeitwa muhula ukianza na kusahauliwa ukiisha. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Simtaji jina. Jina lake limebandikwa kwenye milango ya kutosha, na mkono wake bado ni mrefu.

Sisi tuliokuwa chini yake tulimwita Prof. Mimi aliniita mwari, yaani binti, kama wazee wa kwao Mbeere wanavyomwita msichana yeyote, na akaendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kupaka nywele rangi ili kuficha mvi. Alipenda misemo ya nyuki, kwa kuwa alikuwa na mizinga kwake Kiambere. "Mwenye haraka na mzinga hurudi na uso umevimba," alituambia kila mara mtu alipouliza lini atatetea tasnifu yake. Nami nilikuwa nikijiambia kimoyomoyo kwamba asiye na haraka hurudi na mzinga mtupu, kwa sababu mwingine ameshapita. Sikuwahi kumwambia. Mwenye nguvu mpishe, na mimi nilimpisha mpaka nikaingia mtaroni.

Sharti niseme alikuwa mwalimu. Sijaona mwingine wa kumfikia. Mwaka wangu wa kwanza alikuja darasani na picha moja ya zamani, ya wazungu na machifu wamepanga mstari mbele ya ofisi ya wilaya. Hakutuuliza walio kwenye picha ni akina nani. Alituuliza nani alipika chakula chao siku hiyo, nani alichota maji, na kwa nini hayupo pichani. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga chumba. Mimi niliyetoka Muthara, ambaye mama yangu aliuza viazi vikuu sokoni miaka yote, nilihisi mtu ameniwashia taa. Siku hiyo ndipo nilipoamua kuandika historia ya masoko ya kwetu Tigania, na nilitaka anisimamie yeye na si mwingine. Kwa hiyo nilijipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mwanzoni mwa kila muhula aligawa kozi za kibarua. Tulisimama kwenye ujia nje ya ofisi yake, watahiniwa wake wote, watu wazima wenye watoto shuleni, tumeshika bahasha kana kwamba tumeitwa kortini. Yeye aligawa kama mzee anavyogawa nyama ya mbuzi kwenye sherehe, kila kipande na mwenyewe. Aliyekuwa amempendeza alipata kozi ya mwaka wa nne, wanafunzi wachache na karatasi chache za kusahihisha. Aliyekuwa amemkera alipewa mwaka wa kwanza, ukumbi wa watu mia tatu wanaokohoa.

"Nani hana meno?" aliuliza siku moja, akicheka. "Huyo achukue maini. Mwari, wewe una meno. Chukua first years wa Embu asubuhi, na wale wa Meru mchana."

"Prof, hizo ni kampasi mbili kwa siku moja."

"Na barabara ni moja."

Wenzangu walicheka, kwa sababu hakuna aliyetaka kupewa kwato. Nami nilicheka. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kila mmoja akishukuru kwamba aliyekatwa leo ni jirani.

Mmoja wetu alikuwa mtu wa mji wa Maua, kijana mwerevu kunizidi, aliyekuwa anaandika juu ya vyama vya wakulima. Siku aliporudishiwa sura ileile kwa mara ya nne, ikiwa na alama ya kikombe cha chai na hakuna kingine, aliiacha juu ya meza ya Prof, akaenda zake kufanya biashara ya miraa na kaka zake. Nilikutana naye baadaye Meru mjini, ana pikapu, ana tumbo.

"Daktari, bado unangoja?" aliniuliza.

"Bado kidogo."

"Miraa yangu ikilala siku mbili imekufa. Hiyo thesis yako imelala miaka na bado inapumua. Mnaipatia nini?"

Nilimcheka kwa mdomo. Moyoni nilimwonea wivu, si kwa sababu ya pikapu, bali kwa sababu alikuwa amejua siku ya kuondoka.

Prof mwenyewe hakuficha kwa nini alituchelewesha. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba hakuwa mnafiki. Nilimwuliza mara moja, tukiwa wawili ofisini, kama kuna kosa katika kazi yangu ambalo anaona haya kunitajia. Alikuwa anatafuna muguka, majani yale ya kwao, jambo ambalo kanisani kwake, ambako alikuwa mzee wa kanisa, angekemea mtu kwa sababu yake. Alihamisha majani kutoka shavu hili hadi lile.

"Kosa hakuna," alisema. "Lakini sikiliza, mwari. Mtu akimaliza, ataomba kazi, na kazi hakuna. Ataanza kuninunia, ataenda kusema kwa Dean. Asiyemaliza anaomba subira. Subira haina bajeti."

"Na wewe unaona hiyo ni haki?"

"Naona ni amani."

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu aliivuta mpaka ikakatika.

Na bado, mtu huyohuyo hakukosa mazishi hata moja ya mzazi wa mwanafunzi wake. Hilo watu wengi wanamsifia hadi leo, na wana haki. Baba yangu alipofariki, Prof aliendesha gari lake bovu mpaka Muthara, akaketi kwenye hema pamoja na wachungaji na diwani, akala githeri kwa sahani ya plastiki kama wengine. MC akampa maikrofoni, kwa kuwa profesa hawezi kuja mazishini akarudi bila kusema neno. Kwetu neno linalosemwa mbele ya jeneza ni zito. Watu huahidi kusomesha watoto wa marehemu pale, na wakishasema, kijiji kizima ni shahidi.

Prof akanisimamisha. "Huyu msichana wenu mnayemuona," alisema, "kabla ya mvua ya mwaka ujao atakuwa daktari. Mimi ndiye msimamizi wake. Nasema hivi mbele ya huyu mzee tunayemzika."

Mama alipiga vigelegele akiwa na machozi usoni. Wamama wa kanisa walisimama wakamshika mkono. Nami nilisimama pale karibu na kaburi la baba yangu, nikaamini. Sura ya tatu ilikuwa kwenye meza ya huyu mtu tangu msimu wa mavuno, na nikaamini kwamba mtu hawezi kusema uongo mahali kama pale. Aliporudi Embu hakuigusa mpaka mvua mbili zilipopita.

Lakini kijiji hakikungoja chuo kikuu. Kuanzia jioni ile nilikuwa Daktari. Mama alisalimiwa Mama Daktari sokoni. Mwaka uliofuata, shule ya sekondari iliyo karibu na kwetu ilitafuta mwalimu wa historia, nafasi ya kudumu ya serikali, nami nilikuwa na vyeti vya kutosha. Nilipeleka karatasi zangu. Mwalimu mkuu alizipokea kwa mikono miwili, akaniita Daktari, akaniagizia soda. Halmashauri ilipokaa, jina langu liliondolewa kabla ya mengine kusomwa. Mjumbe mmoja, jirani yetu, mtu mwema kabisa, alikuja nyumbani kunieleza akitabasamu.

"Tumeona si vizuri," alisema. "Daktari afundishe form one? Hiyo ingekuwa ni kukutusi."

"Mzee, mimi si daktari bado. Sijamaliza."

Alimgeukia mama. "Unaona vile amenyenyekea? Ndiyo maana Mungu anamuinua."

Nafasi alipewa kijana ambaye nilimfundisha Embu. Prof nilipomsimulia, alicheka mpaka akaketi, na ilikuwa nadra sana kumwona ameketi. "Watu wako wanakuheshimu kuliko Senate," alisema. Nilimchukia siku hiyo, na kwa siku hiyo bado namchukia.

Basi nieleze vipi kwamba nilipojifungua, mtu wa kwanza kutoka chuo kufika hospitalini alikuwa yeye? Alileta mtungi wa asali na mbuzi wa supu, ambaye manesi walimkatalia getini akabaki amefungwa kwenye mti akilia. Alimbeba mtoto vizuri, kama mtu aliyezoea, akamwimbia kwa Kimbeere. Kwapani alikuwa na bahasha, na nikaona ni tasnifu yangu. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Alipoondoka nilifungua bahasha hiyo kitandani. Hakuna ukurasa aliokuwa amesoma. Alikuwa ameirudisha kwa sababu alihitaji nafasi kwenye meza.

Mwishowe nilimaliza. Si kwa huruma yake. Mtahini wa nje alilalamika kwamba muda umepita kiasi, na ofisi ya masomo ya uzamili ikampa Prof siku chache za kutia sahihi. Siku ya mahafali yeye ndiye aliyenivika joho, na alilia. Alilia kabisa, machozi ya kweli, mpaka kiongozi wa shughuli akamnong'oneza asogee kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Mama alimshukuru kwa kuku na leso mbili.

Nikadhani sasa mlango umefunguka. Miaka ikapita, matangazo ya kazi hayakutoka, na lilipotoka moja, Meru, niliingia kwenye usaili nikamkuta yeye ni mmoja wa wajumbe watano wa jopo. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikajiambia, leo ninaye mtu wangu ndani.

Lazima mjue kwamba sura yangu ya pili, awali, ilijaa mahojiano. Nilikuwa nimeongea na wamama wa soko la Muthara, wazee kwa vijana, jinsi walivyopanga bei, jinsi walivyofichiana mzigo askari wa kanju, wale wa baraza la mji, walipokuja. Prof alikuwa ameifuta yote kwa mstari mmoja mwekundu. "Hizi ni porojo za wamama," aliandika pembeni. "Weka nadharia." Nikaweka nadharia.

Zamu yake ya kuuliza ilipofika, alivua miwani.

"Daktari, nimesoma kazi yako," alisema. "Sura ya pili ni nadharia tupu. Unaandika historia ya soko, lakini sauti za wale wanaouza siisikii. Kwa nini uliwaacha nje?"

Nilitazama kalamu yake mezani. Ilikuwa ileile. Nikasema jambo juu ya mipaka ya utafiti ambalo hata mimi sikuliamini. Kazi ilipewa mwingine.

Nilimngoja nje kwenye maegesho. "Prof, wewe ndiye uliniambia niwatoe."

"Najua."

"Sasa ilikuwa nini ile?"

"Nilikuwa nakupa nafasi ujitetee. Jopo lilitaka kuona kama una msimamo."

"Ningesema ni wewe uliyewafuta?"

Alionekana kushtuka kweli. "Mbele ya watu? Hapana, mwari. Hiyo ingekuwa kukosa adabu."

Baada ya hapo umri wake wa kustaafu ulifika, wakamfanyia karamu, wakampa saa ya ukutani, akarudi Kiambere kwa mizinga na shamba lake la ndengu. Idara iliamka kama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Haukupita muda mrefu, kampasi ya Embu ikatangaza nafasi moja ya mhadhiri wa historia. Tangazo lilisema ya kudumu au ya mkataba. Yale maneno ya mkataba niliyapita tu kwa macho, maana hayakunihusu. Nilisoma "ya kudumu" mara kadhaa nikiwa jikoni, ugali ukaungua.

Waombaji walitakiwa kutaja wadhamini watatu, na wa kwanza awe msimamizi wa tasnifu. Ningeweza kumpigia simu. Mtu wa Nairobi angempigia simu. Lakini mimi nimelelewa kwamba huwezi kulitumia jina la mzee kwa kumpigia simu. Unaenda kwake na sukari na majani ya chai, unaketi, unauliza habari za mvua, halafu unasema shida yako na kumwonyesha shida yenyewe. Hivyo nililichapisha tangazo kwenye saiba, duka la kompyuta, kwa sababu alichukia kusoma kwenye simu, nikateremka hadi Kiambere kwenye joto lile linalokausha mate, bwawa la umeme likimetameta chini bila tone moja kufika kwenye mashamba ya watu.

Nilimkuta amevaa kofia ya majani, anagombana na mbuzi. Alinikaribisha kwa furaha ambayo sikuitarajia. Aliniuliza ujia umepakwa rangi gani siku hizi, nani anakaa ofisini mwake, kama wanafunzi bado wanakuja wamechelewa. Tulikula. Nilimweleza, nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Inafungwa lini?" aliuliza.

"Ijumaa, Prof."

"Hii ni nafasi yako," alisema. "Niandike mdhamini wa kwanza. Nitasema yote mazuri." Kisha akaikunja ile karatasi. "Niachie hii, nisisahau jina la kozi wakinipigia."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Hasira ya miaka yote ilikuwa imeshuka, na nilimwombea heri huyo mzee, nilimwombea kwa jina.

Siku ya usaili nilifika Embu mapema, nikapanda ngazi hadi kwenye ujia ule wa zamani. Nje ya chumba cha mikutano kulikuwa na benchi. Prof alikuwa ameketi juu yake, amevaa suti yake ya kijivu, amenyoa ndevu. Alisogea akanipa nafasi.

"Kaa, mwari."

"Prof, wamekuita uwe kwa jopo?"

"Hapana. Nimeitwa kama wewe."

"Kwa nafasi gani?"

"Nafasi ni moja. Wewe ndiye uliniletea. Ya mkataba wanaweza kunipa, hata nikiwa nimestaafu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile, tukila chakula chake.

"Ungesema nini? Ungesema nisiombe?" Alitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imekwaruzwa na miiba. "Kule naitwa mzee. Mzee, mbuzi wameingia kwa ndengu. Mzee, kuja ule. Tangu nistaafu hakuna mtu ameniuliza swali hata moja la maana. Hata kunipinga, hawanipingi."

Huruma ilianza kunishika, nikaikataa. "Na mimi, Prof?"

"Wewe bado una miaka."

"Nina arobaini na tatu."

"Hiyo si ndiyo miaka?" alisema kwa upole. "Ngoja ufike yangu."

Waliita jina lake kwanza. Mlango ulifungwa, na kwa muda niliwasikia wakicheka humo ndani, kicheko cha watu waliofundishwa naye, kwa sababu wengi wao alikuwa amewafundisha. Alitoka uso umemeremeta, anaonekana amepungua miaka kumi.

"Wameniuliza kuhusu wewe," alisema. "Si niko kwa wadhamini wako."

"Ukawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba katika wote niliowalea, wewe ndiye bora. Nikasema tu unafanya vizuri zaidi ukiwa na mtu wa kukusimamia." Akanyoosha mkono akautoa uzi uliokuwa umenata begani mwangu. "Sasa ingia. Jibu polepole, na usiinamishe kichwa."

Niliingia. Watu watano walikuwa wameketi nyuma ya meza, na faili langu lilikuwa mbele ya mwenyekiti, limefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza wamama wa Muthara, majina yao na bei zao, na safari hii hakuna ambaye angewafuta. Mwenyekiti aliniangalia kwa wema mwingi.

"Daktari, hatutakusumbua sana," alisema. "Profesa amekusifu. Amesema hawezi kuendesha hizi kozi bila wewe. Kwa hivyo swali letu ni moja: muhula ujao unaweza kumsaidia na kozi ngapi za part-time?"

Nje nilimsikia Prof akimsalimia karani, akimwuliza kama ufunguo wa ofisi yake ya zamani bado uko palepale. Jopo lilikuwa linangoja, kalamu mikononi. Nilitaka kusimama niondoke kama yule mwenzangu wa Maua. Badala yake nilivuta kiti karibu na meza, nikawauliza ni kozi zipi.